Mwanangu, nani anakungoja?

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Ujumbe wako nimeusoma, nikampa na baba yako ausome. Unauliza ulipie darasa la mubashara la saa mbili usiku, lile la kuingia wote kwa pamoja na mwalimu, au ununue masomo yaliyorekodiwa usome kwa nafasi yako, ili Novemba ukaifanye mitihani ya uhasibu ya CPA, ile ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Ya kurekodi ni nafuu, unasema, na saa mbili ndiyo saa ya kumlaza mtoto.

Mimi nilichojiuliza kwanza ni hiki: ukipitisha wiki nzima hujafungua daftari, nani atajua?

Baba yako ananiambia nijibu nilichoulizwa. Nitajibu. Lakini habari za masomo yangu umezisikia vipande vipande tu, maana tulipokuwa Tabora hukuwa umezaliwa. Dada yako ndiye aliyekuwa mgongoni.

Sekondari niliisoma kwa posta. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa ikituma vijitabu kutoka Dar es Salaam. Unasoma peke yako, mwishoni kuna zoezi, unalifanya, unalituma, linasahihishwa, linarudi. Saa ya darasa haipo. Usome alfajiri, usome usiku wa manane, ni wewe. Ndiyo haya haya masomo yenu ya kurekodi, ila yetu yalikuwa ya karatasi. Pale kota za reli tulikuwa wanawake wanne tunaosoma, tukakubaliana kukutana kwangu watoto wakishalala. Mwalimu hatukuwa naye. Yule mama wa nyumba ya mwisho, aliyekuletea mkeka siku ya harusi yako, alikuwa hakubali jibu mpaka aambiwe limetoka wapi. Unadhani umeelewa, akikuuliza unagundua ulikuwa unakariri.

Na yule msahihishaji wa aljebra! Sikuwahi kumwona, wala sijui alikuwa mwanamume au mwanamke. Siku moja zoezi langu lilirudi limeandikwa kwa wino mwekundu: "Mstari wa tatu umeupata wapi?" Nilikuwa nimeupata kichwani, sikuona haja ya kuuandika. Nikakaa nikaandika hatua zote, nikatuma tena. Lilirudi na neno moja, "Safi." Mpaka leo nikilikumbuka nafurahi. Mtu wa Dar es Salaam, asiyenijua, alikuwa amesoma mstari wangu wa tatu.

Kisha baba yako akahamishiwa Kigoma. Vijitabu nilihama navyo vyote, havikupotea hata kimoja. Mkono wa kuvifungua ndio uliokosekana. Kigoma sikuwa namjua mtu anayesoma. Aljebra ikasimama, miezi ikapita, na kilichoniuma si kusimama kwenyewe. Kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyeona. Nilipika, nilifua, nilimlea dada yako, na dunia nzima ilikuwa sawa tu kama vile sikuwahi kuanza. Mpaka gadi wa treni akaja na bahasha kutoka Tabora, ya yule mama wa mkeka. Salamu mistari miwili, halafu: "Umefika kijitabu cha ngapi? Sisi tuko cha saba, tunakungoja." Usiku ule nilianza tena. Cheti cha kidato cha nne unachokiona kabatini kilitokana na bahasha ile, na nitalisema hili mpaka uchoke kunisikia: mtu husoma akijua kuna anayemngoja.

Sasa usije ukadhani nimekwisha kusema chukua la mubashara. Nabishana na nafsi yangu tangu asubuhi. Mwaka 1973, kwenye Mtu ni Afya, kampeni ya afya iliyohimiza watu kuchimba vyoo, watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi nchi nzima kusikiliza redio. Babu yako alikuwa kiongozi wa kikundi. Kipindi kilikuja kwa saa yake, na kikipita huwezi kukirudisha. Mubashara kuliko hapo hakuna. Lakini vyoo havikuchimbwa na redio. Ilipozimwa, babu alifungua kitabu cha kampeni, wakajadiliana, halafu wakakubaliana nani anaanza kuchimba na wiki ijayo waende kumtazama. Kama darasa lako la saa mbili lina watu mia tatu waliozima kamera na vipaza sauti, hapo hungojwi na mtu.

Na mjomba wako je? Chuo Kikuu Huria, kile cha kusomea nyumbani, kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994 watu walikibeza, yeye akajiunga baadaye akiwa Kasulu, akasoma na taa ya chemli, akahitimu. Kwa hiyo ya peke yako inawezekana. (Ingawa naye, kila majaribio yakikaribia, alikuwa anasafiri kwenda kituo cha mkoa kukutana na wenzake. Muulize.)

Tena Mei 2024, nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipokatika, wewe mwenyewe ulinipigia simu ya kawaida kwa kuwa WhatsApp ilikuwa haifunguki. Wiki kama ile darasa la mubashara limekufa, na aliyeshapakua video zake anaendelea. Na mtoto akilia katikati, ya kurekodi unaisimamisha na kuirudisha nyuma hadi ulipoachia. Hilo si dogo kwa mama.

Ila kwa somo la kodi angalia sana. Nimekuwa karani wa mahesabu pale ushirika, najua kila Juni bajeti inasomwa, na Julai 1 Sheria ya Fedha mpya inaanza kazi. Video ya kodi iliyorekodiwa mwaka juzi itakufundisha viwango ambavyo huenda vimeshabadilika, kwa sauti ile ile ya uhakika. Kwenye somo hilo nataka mwalimu aliye hai, anayeweza kuulizwa leo.

Baba yako anasema nimeshachagua, bado kutamka tu. Sitamki. Ratiba ya nyumba yako unaijua wewe, na anayebaki na mtoto saa mbili usiku si mimi. Lakini kabla hujatuma hela, waulize wote wawili swali moja: nikitatua swali la mtihani uliopita na kuwatumia, nani atalisoma, na litarudi baada ya siku ngapi? Wakikuambia majibu yapo mwisho wa video, niambie. Na yule mwenzako wa ofisini uliyesema naye anajiandaa kwa Novemba, mmeshazungumza? Nijibu hilo kwanza.

Mjukuu wangu mbusu.

Mama yako