Bibi wa miaka 110 na presha ya mjukuu

SWALI: Bibi yetu mzaa baba alifariki hapa Ujiji mwaka 2019, na ukoo mzima unasema alikuwa na miaka 110. Mimi nina miaka 47. Juzi nimepimwa presha, ikasoma 152/96. Shangazi anasema nisihangaike na vidonge kwa kuwa damu yetu ni ya kuishi. Kweli?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Pole kwa msiba. Tuanze na huo umri. Miaka 110 maana yake alizaliwa kama 1909, kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914. Waulizeni wazee: Wabelgiji walipoingia 1916 alikuwa mtoto wa mgongoni au tayari anachota maji? Meli ya Liemba ilipoanza safari zake 1927, alikuwa ameshaolewa? Kisha tafuteni cheti cha ubatizo au cha kuzaliwa cha kitindamimba wake. Kikisema 1964, basi bibi alijifungua akiwa na miaka 55, na hapo hesabu imegoma. Punguzeni miaka kumi hivi. Jeanne Calment wa Ufaransa, aliyefariki 1997 akiwa na miaka 122, anakubalika kwa sababu nyaraka zake zipo tangu 1875.

Sasa damu. Utafiti wa mapacha wa Denmark waliozaliwa kati ya 1870 na 1900 ulionyesha kuwa jeni zinaeleza karibu robo tu ya tofauti za urefu wa maisha. Uchambuzi wa 2018 wa koo nyingi mno ukashusha hadi chini ya asilimia 10, kwani hata mashemeji wasiochangia damu walikuwa wakilingana umri wa kufa: watu huoana na wanaoishi kama wao. Kwa wanaofika 100 jeni huwa na uzito zaidi. Marekani, kaka za watu hao walikuwa na nafasi mara 17 ya kufika huko kuliko wa rika lao, dada mara 8. Lakini hao ni ndugu wa tumbo moja. Wewe ni mjukuu, umebeba kama robo ya jeni za bibi, na hujui ni robo ipi.

Kwa hiyo shangazi asikuzuie. Pima tena siku nyingine: kaa umeegemea dakika tano bila kuongea, bila kahawa wala sigara nusu saa kabla, mkono juu ya meza usawa wa moyo, vipimo viwili vikipishana dakika moja. Ikibaki 140/90 au zaidi, muone daktari, na dawa usiache kwa kuwa presha imeshuka. Imeshuka kwa sababu unameza. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ya samaki wa chumvi. Ya Uvinza nayo ni chumvi.

SWALI: Kipimo cha DNA kinaweza kuniambia nitaishi miaka mingapi?
Msomaji, Kasulu

JIBU: Hapana. Jeni za maisha marefu zinazoonekana tena na tena katika tafiti nyingi ni mbili, APOE na FOXO3, na mchango wa kila moja ni mdogo. Aina ya APOE iitwayo e4 huongeza hatari ya kusahau uzeeni, ila kwa Waafrika athari hiyo imeonekana hafifu kuliko kwa Wazungu. Kwa fedha hiyo nunua mashine ya presha ya mkono wa juu, si ya kifundo cha mkono, yenye mkanda unaoutosha mkono wako. Mkanda mdogo hupandisha namba.