Jibu: dircmp inasema faili ni sawa ilhali yaliyomo yanatofautiana

Salaam, ndugu. Umeeleza kwamba dircmp, zana ya kulinganisha folda katika lugha ya programu ya Python, inaonyesha faili za folda zako mbili kuwa sawa, ilhali ukizifungua unakuta tarakimu zimebadilika. Kagua kwanza ukubwa wa faili hizo na wakati zilipobadilishwa mara ya mwisho, kwa sababu vyote viwili vikilingana, dircmp kwa kawaida haisomi yaliyomo. Jambo hilo lilinikuta nilipolinganisha nakala za orodha ya bei: 4500 ilikuwa imegeuka 5400, idadi ya baiti ikabaki ileile, na programu ya kunakili ilikuwa imerudisha saa ya awali.

Tumia filecmp.cmpfiles(a, b, majina, shallow=False), ambapo a na b ni folda zako mbili, majina ni common_files (faili zilizomo kwenye folda zote mbili) uliyoipata kwenye dircmp, na shallow=False huifanya ilinganishe yaliyomo yenyewe. Utarudishiwa orodha tatu: zinazolingana, zinazotofautiana na zilizoshindikana kulinganishwa, hiyo ya tatu usiipuuze hata kidogo. Folda za ndani zipitie kwa subdirs, sehemu ya dircmp inayoshika folda za ndani zilizopo pande zote mbili, kwani cmpfiles haiingii humo yenyewe. Endapo faili zinazofanana machoni zitatajwa kuwa tofauti, tazama miisho ya mistari: Windows huweka baiti mbili, Linux moja.