Maswali ya wasomaji: spidi, umbali na saa za njiani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko fomu wani, wamepewa hesabu ya gari imekwenda kilomita 300 kwa spidi ya 100 ikarudi njia ile ile kwa spidi ya 60, watafute wastani wa mwendo. Kaandika 80 kakoseshwa, na mi nikipiga napata 80 hiyo hiyo. Mwalimu wao kachanganya au? Mama wa Kibaha.

JIBU: Marahaba mama. Mwalimu wao yuko sawa. Mmejumlisha 100 na 60 mkagawa kwa 2, ila wastani wa mwendo hautafutwi hivyo, unachukua umbali wote unagawa kwa muda wote basi. Kwenda ni 300 kugawa kwa 100, masaa 3. Kurudi 300 kwa 60, masaa 5. Jumla kilomita 600 ndani ya masaa 8, jibu 75. Angalia vizuri hapo, gari limekaa masaa 5 kwenye spidi ndogo na masaa 3 tu kwenye kubwa, sasa utazipaje uzito sawa? Mwambie akiona neno wastani aanze kutafuta muda kwanza, spidi aziache pembeni. Na awe makini na desimali, akipata saa 2.4 asiandike masaa mawili na dakika 40, hiyo .4 anazidisha kwa 60 anapata dakika 24. Hapo ndo watoto wengi wanapoteza maksi wakati hesabu yenyewe wameipatia.

SWALI: Mwalimu mambo. Dar hadi Moro ni kama kilomita 190, basi linaruhusiwa 80 kwa saa, kwa hesabu yangu ni masaa mawili na dakika 22 tu. Mbona tunatumia matatu mpaka manne? Madereva wanazembea, si bora wakanyage tu tufike? Abiria wa Mbezi.

JIBU: Poa kaka. Hesabu yako ingekuwa sawa kama basi lingetoka stendi na 80 likaishikilia hadi Msamvu bila kugusa breki, na hakuna basi la hivyo. Kuna vibao vya 50 kila penye makazi, kuna matuta, kuna mizani ya Vigwaza, kuna malori yamepanga foleni mbele yako, na Chalinze watu wanashuka kununua mahindi.

Tuchukulie kilomita 60 ziko kwenye vibao vya 50 na 130 zilizobaki ni za 80. Zile 60 zinakula saa moja na dakika 12, hizi 130 zinakula saa moja na dakika 37 na nusu, jumla masaa mawili na dakika 49 na ushee, yaani wastani umeshuka mpaka 67 na basi halijasimama popote. Ongeza foleni ya kutoka mjini na Chalinze, matatu hayo yametimia.

Sasa hilo la kukanyaga. Dereva akivunja sheria akatembea 100 kwenye zile kilomita 130 zote atatumia saa moja na dakika 18, kaokoa dakika 19 na nusu. Mahindi ya Chalinze yanazimaliza zote! Lakini kwa 80 basi linameza mita 22 kila sekunde, kwa 100 ni karibu 28 (ukitaka mita kwa sekunde gawa spidi kwa 3.6), na ule umbali wa kushika breki mpaka lisimame hauongezeki kwa robo kama spidi ilivyoongezeka, unaongezeka zaidi ya nusu, kwa sababu unakwenda na spidi zidisha kwa spidi. Mtoto anavuka barabara pale Mdaula, dereva anamuona, sekunde moja ya kushtuka tu mita 28 zimeshaisha na breki bado hajaigusa. Kaka yangu nakuomba, usimwambie dereva akanyage, na wenzako wakimshangilia wewe pinga, tena kwa sauti.

SWALI: Tulitoka Mwanza saa 12 jioni tukaingia Dar saa 5 asubuhi, kama kilomita 1,150. Nimetoa 12 kwa 5 nikapata masaa 7, spidi 164. Inawezekana kweli?

JIBU: Haiwezekani ndugu yangu, hiyo inaipita hata treni ya umeme ya SGR ambayo mwisho wake ni 160. Saa zetu zinaanza upya zikifika 12, kwa hiyo usitoe, hesabu kwa vipande. Saa 12 jioni mpaka 12 asubuhi ni masaa 12, toka hapo mpaka saa 5 ni matano, jumla 17. Gawa 1,150 kwa 17 unapata kama 67 na nusu, na hapo kula na kuchimba dawa kote njiani kumo ndani.