"Behave!" bila kuongeza neno

Dada, umeuliza kwa nini mwalimu alimwambia mwanao "Behave!" tu, bila kusema vizuri au vibaya. Likitolewa kama amri, wema umo ndani yake tayari: shika adabu, acha utundu. "Behave yourself" ni vilevile. Mtu mzima akiambiwa hivyo, basi ni karipio au utani wa watu waliozoeana. Usijaribu kwa bosi wako.

Ukitoka kwenye amri, mara nyingi unahitaji neno la kuonyesha mtu alikuwaje: "She behaved badly", "He behaved like a child". Hapo ndipo wengi wetu tunateleza na kuandika "behave good". Ni "behave well". Wala usiseme "he was behaved". Kilichopo ni "well-behaved", yaani mwenye adabu, na hiyo ni sifa tu.

Si la watu peke yao. Mhandisi atauliza "How does this metal behave when heated?", akitaka kujua chuma kinakuwaje kikipata moto. Hapo adabu haimo kabisa.

Nomino ni "behaviour" kwa Waingereza. Wamarekani huitoa ile u. Kwa kawaida haina wingi, ila kwenye maandishi ya saikolojia utakutana na "behaviours" kila ukurasa.

Na matamshi: mwisho wa "behave" unafanana na "save", si "have".