Kura ya rais, chama cha nyumbani na kijana wa Langoni

Nimesoma swali la kijana wetu na majibu yote mpaka hapa. Kwa wanaoingia sasa: yeye ni wa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, yuko Mombasa kikazi, na atapiga kura mara ya kwanza 10 Agosti 2027. Kwao ni chungwa (ODM, chama cha Raila Odinga) tangu hajazaliwa, ami yake amehamia wilibaro (UDA, chama cha Rais Ruto), na tangu Raila afariki Oktoba 2025 babake hajui tena ashike wapi. Anauliza mawili: afuate chama cha nyumbani au aangalie mtu, na kama kura ya Lamu ina maana yoyote kwa urais tukiwa wachache hivi.

Wengi mmemjibu kwa kumvuta upande. Mimi kura yangu naijua mimi na sanduku, sitaileta hapa. Ila nimekaa ndani ya kituo kama wakala, uchaguzi zaidi ya mmoja na si kwa chama kimoja (msinicheke, wakala hulipwa), na ukikaa lile benchi kutwa na usiku kucha unaona mambo ambayo kwenye mkutano wa hadhara huyaoni.

La pili kwanza. Katiba ya 2010, kifungu cha 138, inataka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na tena apate angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Kwa hesabu hiyo ya kaunti, Lamu ni sawa na Nairobi. Wanaokuja kuomba kura uwanja wa Mkunguni wanalipenda sana hili, hutwambia tuna uzito kama wa jiji. Kwenye maandishi ni kweli, lakini tangu Katiba hii ianze kutumika hakuna aliyepata nusu ya kura akakwama kwenye zile asilimia 25. Kinachobana watu ni nusu yenyewe.

Mwaka 2022 tofauti kati ya Ruto na Raila ilikuwa kura 233,211. Lamu nzima tulikuwa tumejiandikisha elfu themanini na kitu, wachache kuliko kaunti yoyote. Hata tungehamia wote upande mmoja, pengo lile lisingezibika. Lakini rudi 2013. Uhuru alitangazwa na asilimia 50.07. Alivuka nusu kwa kura zisizofika elfu kumi. Hapo Lamu peke yake, ingepiga vingine, ingetosha kuipeleka nchi nzima duru ya pili. Kwa hivyo usikubali kuambiwa kura yako ni tone baharini, wala usikubali kuambiwa unashika ufunguo wa Ikulu. Inategemea mwaka umebana vipi, na hilo hulijui mpaka kura zihesabiwe.

Sasa hili la chama.

Kuna mama mtu mzima aliyeingia kituoni na hajui kusoma. Sitaji kituo wala mwaka, nilikula kiapo. Sheria inamruhusu kuja na mtu anayemwamini amsaidie, na kama hana, msimamizi humsaidia mbele ya mawakala. Yeye alikuja peke yake. Akasema kwa sauti, bila haya wala hofu: "Mimi ni chungwa tu, nitilieni kwenye chungwa zote." Msimamizi akafunua karatasi ya kwanza, chungwa lipo. Ya pili lipo. Akafika moja, chungwa hakuna. Chama kilikuwa kimemwachia kiti mshirika wake, kwa makubaliano ya wakubwa waliokaa hotelini huko wakagawana viti. Mama akainama mpaka pua ikakaribia karatasi. "Chungwa langu mumelitia wapi?" Msimamizi akamsomea majina yote, mmoja mmoja, na vyama vyao. Hakuna aliyemjua. Na msimamizi hawezi kumwambia yupi ni mshirika, sisi mawakala ndiyo kabisa, ukifungua mdomo unatolewa nje. Akanyamaza kitambo, kisha akachagua kwa picha. "Huyu ana uso wa watu."

Yule mama alikuwa mwaminifu kwa chama kuliko chama kilivyokuwa kwake. Na hicho ndicho ninachotaka kijana akione kabla hajaingia mle ndani na karatasi sita mkononi (rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi). Chama kwetu pwani hakikai mahali. Hesabu mwenyewe: gavana wetu wa kwanza mwaka 2013 aliingia kwa chama cha UDF. Mwaka 2017 akaangushwa na wa Jubilee. Mwaka 2022 yule wa kwanza akarudi, safari hii kwa ANC, na ANC yenyewe mwaka 2025 ikamezwa na UDA. Aliyeipigia ANC leo yuko UDA bila kuulizwa. Jirani zetu wa Kilifi waliona chama cha PAA kikitia saini Azimio, muungano wa Raila, na miezi michache kabla ya uchaguzi wa 2022 kikavuka kwenda Kenya Kwanza, muungano wa Ruto. Na ODM ya babako, iliyokuwa upinzani alipoipigia kura, tangu 2024 ina watu wake ndani ya baraza la mawaziri, na Machi 2025 ikatia saini makubaliano na UDA. Serikali jumuishi, wanaiita. Mimi siilaumu wala siisifu hapa. Nasema tu mzee akikwambia "sisi ni ODM", muulize kwa adabu ni ODM ya mwaka gani. Hajapotea njia, ni njia iliyohamishwa.

Kwa urais basi, angalia nani? Mimi huangalia vitu ambavyo rais ndiye mwenye mkono navyo, na vingine vyote huviacha. Ukikaa barazani baada ya alasiri, kahawa ikizunguka, utasikia mtu anamlaani rais kwa sababu zahanati haina dawa, na wa pili yake anamlaani gavana kwa sababu ya bandari ya Lamu. Wote wawili wamekosea mlango. Zahanati na hospitali ni za kaunti. Bandari, hati za ardhi, vitambulisho, polisi na jeshi kule msitu wa Boni, hayo ni ya serikali kuu.

Chukua bandari. Mradi ulizinduliwa na Kibaki Machi 2012, gati ya kwanza ikafunguliwa na Uhuru Mei 2021, Ruto akaurithi. Marais watatu. Katikati, mwaka 2018, Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua wavuvi kama elfu nne na mia sita walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Wavuvi walioipata amri ile ni wale waliokwenda mahakamani, na hawakwenda kwa bendera ya chama. Akija mgombea urais, au mjumbe wake, usimuulize kama anaipenda Lamu. Wote wanatupenda, kila miaka mitano. Muulize mvuvi aliyefukuzwa na meli kwenye maji yake atavua wapi na kwa chombo gani. Muulize hati za mashamba zitatoka kwa utaratibu gani, na mwenye shamba la babu yake bila karatasi atalindwaje. Muulize mtu wa Kiunga, kule mpakani, atapata kitambulisho kwa muda gani, maana bila hicho hata kujiandikisha kura hawezi. Anayejibu kwa kumtukana mwenzake, umeshapata jibu.

Zile karatasi tano nyingine ndizo hasa zinazonikera, kwa namna tunavyozidharau. Usiku wa kuhesabu, ya rais huanza. Chumba kimejaa, mawakala wamesimama, kila karatasi ikiinuliwa macho yote juu, fomu 34A, ile ya matokeo ya rais ya kituo, ikitiwa saini watu wanapiga picha kwa simu. Nakala moja hubandikwa mlangoni, na mwaka 2022 karibu zote zilitiwa mtandaoni, za vituo 46,229, ukitaka unajumlisha mwenyewe. Safi kabisa. Kisha ya rais ikimalizika, benchi linapungua. Mmoja anakwenda kunywa chai harudi. Mwingine amelaza kichwa juu ya dawati la watoto wa darasa la nne. Ikikaribia alfajiri unahesabu kura za mwakilishi wa wadi, mtu atakayepigia kura bajeti ya zahanati yenu, na walio macho ni wawili watatu na karani anayepiga miayo. Na kiti cha gavana mwaka 2017 hapa Lamu kiliamuliwa kwa tofauti isiyofika kura mia mbili. Mia mbili! Ni watu wa mitaa miwili, wengine walikuwa wamelala, wengine Mombasa.

Ndiyo maana sipendi suti, hii ya karatasi zote sita chama kimoja. Mpigie rais unayemtaka, hata akiwa wa chama cha baba, hakuna ubaya. Lakini usimwachie mgombea urais akuchagulie diwani wa Langoni. Hamjui, na huenda jina lake hajawahi kulisikia mpaka anaposhikwa mkono jukwaani kuinuliwa.

Aliyeuliza hapo juu kama baba na ami wapatanishwe: waacheni. Wamebishana tangu enzi za chama kimoja, ndiyo mazungumzo yao.

Na wewe kijana, jambo la haraka kuliko yote haya: umesema uko Mombasa. Angalia jina lako litakuwa wapi. Ukijiandikisha Mombasa, kura ya rais ni ileile, lakini tano zilizobaki utawachagulia watu wa huko. Ukijiandikisha Lamu, lazima siku hiyo uwe Lamu, na itakuwa Jumanne. Mabasi ya Mokowe, pale bara tunapovukia, wiki ile hujaa mapema, na barabarani kuna vizuizi vya usalama, usitegemee kutoka Mombasa Jumatatu jioni. Panda Jumamosi, ukae na mamako siku mbili.

Kama umeshajiandikisha huko na unataka kuhamisha, nenda ofisi ya tume ya uchaguzi ya eneobunge na kitambulisho chako. Ni bure. Usingoje 2027 ifike, uchaguzi ukikaribia daftari hufungwa.