Maafisa mikopo wapya, mdhamini si shahidi

Wadogo zangu mlioanza kazi mwezi huu, nawapenda, ila nikimsikia mwingine akimwambia mteja "riba yetu ni asilimia mbili tu", wiki hiyo chai ya ofisi nzima ni juu yake.

1. Asilimia mbili ya nini? Mkopo wa 1,200,000 kwa miezi 12, riba ya flati (inayopigwa kwenye mkopo wote wa mwanzo) ya asilimia 2 kwa mwezi: mteja analipa riba ya 24,000 kila mwezi, hata ule wa mwisho anapodaiwa laki moja tu. Jumla 288,000. Kwa salio linalopungua, yaani riba ikipigwa kwenye deni lililobaki tu, akirejesha laki moja ya mkopo wenyewe kila mwezi, riba yote inakuwa 156,000. Mpe ratiba ya marejesho aisome kabla hajasaini.

2. Mdhamini. Hapa mnisikilize vizuri, maana niliharibu mimi mwenyewe. Nilipokuwa mgeni kama ninyi, kijana mmoja fundi alumini alimleta shangazi yake, mwalimu mstaafu, amdhamini. Mama akaniuliza, "Mwanangu, hapa nasaini kama nani?" Foleni ilikuwa ndefu na malengo ya mwezi yalikuwa hayajafikiwa. Nikamjibu, "Kama shahidi tu mama, ni utaratibu wa ofisi." Akasaini kwa mwandiko mzuri wa ubaoni.

Kijana alirejesha kidogo, kisha simu ikazimwa na banda la ufundi likapata mpangaji mwingine. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura 345, mdhamini anawajibika kwa deni sawasawa na mkopaji, labda mkataba useme vingine. Wetu haukusema. Barua ya madai niliiandika mimi, nikaipeleka mimi. Mama aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akavua miwani: "Si uliniambia shahidi?" Nikaanza kumtajia vifungu, eti vifungu! Hakunifokea. Angenifokea ningepata nafuu. Alilipa kidogo kidogo kutoka kwenye pensheni, na kila alipokuja dirishani nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba kwa upole uleule. Kwenye ripoti mkopo ule ulisomeka umelipwa wote, na meneja akanipongeza.

Siku hizi swali langu kwa mdhamini ni moja: "Huyu asipolipa, wewe utalipa kwa fedha ipi?" Anayechukua mkoba wake na kuondoka, mfungulieni mlango.

3. Mauzo si faida. Mama lishe akisema anaingiza laki kwa siku, muulize mchele, mkaa na msaidizi vinakula ngapi, ndipo ukokotoe uwezo wa kurejesha.

4. Rehani ya nyumba ya ndoa inataka ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ardhi, Sura 113, haina mzaha na hilo, na nyinyi kwenye fomu mnaijaza sehemu ya mwenzi "hana" kwa sababu mteja kasema hana. Mmoja aliniapia yeye ni kapera. Nikaenda kukagua nyumba, mlango ukafunguliwa na mkewe, ana mtoto mgongoni, akanikaribisha juisi ya ukwaju huku kapera wetu akiangalia dari. Juisi niliinywa. Fomu ilirudi ofisini bila sahihi yangu, na mkopo ukasubiri mpaka mwenye nyumba wa pili alipokuja kuuliza maswali yake, mengi, na yote ya maana kuliko ya mumewe.