Je, wabunge wabadili katiba kwa wepesi?

SWALI: Mhariri, kwa nini wabunge tuliowachagua wenyewe wawekewe vizingiti katika kubadili katiba ya nchi changa?

JIBU: Ndugu msomaji, Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, vifungu vya katiba kuhusu majimbo (mikoa yenye serikali zake) havikuweza kuguswa bila kuungwa mkono na asilimia 90 ya Seneti, yaani baraza la juu la bunge. Mwaka 1965 kiwango kilishushwa hadi asilimia 65. Mwaka uliofuata Seneti yenyewe ikaondolewa, na mwaka 1982 nchi ikafanywa kisheria kuwa ya chama kimoja, yote hayo (ajabu) kupitia bungeni. Katiba ya 2010 inataka siku 90 zipite kati ya mswada wa kuibadili kusomwa bungeni mara ya kwanza na ya pili, na muhula wa rais haubadilishwi bila kura ya maoni. Kwangu, siku hizo zina uzito kuliko asilimia, kwa kuwa katika muda huo mbunge anayebanwa na chama chake anaweza kwanza kuulizwa na wapiga kura wake.